Ng'ombe wa mlimani: faida huanzia horini

MTU anayetaka kuweka fedha zake katika ng'ombe wa maziwa kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro huanza kwa kuuliza bei ya mtamba. Wenye uzoefu huuliza kwanza atakula nini.

Katika ukanda wa vihamba, kati ya mita 1,000 na 1,800 kutoka usawa wa bahari, sehemu za kuchungia ni haba. Ng'ombe hukaa bandani na kuletewa majani. Hewa nyepesi si tatizo katika kimo hicho: ule ugonjwa wa moyo unaojulikana sana katika milima ya Colorado, Marekani, huwapata zaidi ng'ombe walioko juu ya mita 2,000. Hapa, la kuangalia ni hori.

Hesabu yenyewe ni hii. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji takriban kilo 12 za chakula kwa siku, ukiondoa maji yaliyomo. Hizo hupatikana katika kilo 60 hadi 70 za mabingobingo mabichi. Uzito huo huo wa vigogo vya migomba, ambavyo zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ni maji, hautoi hata kilo 7. Tumbo litajaa, lakini maziwa yatapungua.

Ndiyo maana kiangazi huleta biashara ya mabua ya mahindi kutoka tambarare. Mabua humfanya ng'ombe acheue vizuri, ila yana protini kidogo, na vijidudu vya tumbo la kwanza haviwezi kuyavunja upesi bila protini. Yakiliwa peke yake hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe hupunguza kula.

Wengine hukimbilia pumba. Pumba nyingi za mahindi kwa ghafla huleta tindikali tumboni; ng'ombe huacha kucheua, huharisha, na anaweza kufa. Ziongezwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, na zitolewe baada ya majani. Lusina changa yenye umande nayo hujaza tumbo gesi, hivyo inyaushwe kwanza.

Njia ya kupunguza gharama ipo. Majaribio yaliyofanywa katika mashamba ya wakulima wa Embu, karibu na Mlima Kenya, miaka ya 1990 yalionyesha kuwa kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra huleta maziwa karibu sawa na kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani. Miti ipatayo 500, inayoweza kupandwa mipakani na kwenye makingamaji, humtosha ng'ombe mmoja mwaka mzima.

Kwa hiyo mnunuzi wa majani asilipie maji kwa bei ya chakula. Na mnunuzi wa ng'ombe afike bandani wakati mnyama amepumzika: asiyecheua huenda ana hitilafu, hata kama tumbo ni kubwa na bei ni nzuri.