Nyumba za Wasio na Hati

Mwishoni mwa karne ya 18, binti wa familia yenye uwezo nchini Marekani hakuhesabiwa kuwa amesoma mpaka awe amedarizi kitambaa chake cha mazoezi. Juu alishona alfabeti na tarakimu, katikati beti za mawaidha, na chini, mara nyingi, nyumba. Katika shule ya Mary Balch mjini Providence, Rhode Island, wanafunzi walidarizi hata majengo halisi ya mji wao.

Isogelee nyumba mojawapo uitazame vizuri. Paa lake halipandi kwa mstari mnyofu, bali vidato vidato kama ngazi. Sababu ni kitambaa chenyewe: mshono wa msalaba hufuata nyuzi za kitani, na mshonaji huzihesabu kabla ya kudunga sindano. Ukuta na dirisha, kwa kuwa ni vya pembe mraba, havimsumbui. Taabu huanza kwenye mteremko wa paa. Wengi huudhania ubapa wa nyumba hizi kuwa ni uchanga wa mkono, kumbe ni hesabu.

Sasa tumfuate binti huyo mpaka siku ya ndoa. Sheria ambayo Marekani iliirithi kutoka Uingereza iliweka mali ya mke mikononi mwa mumewe. Jimbo la New York halikumruhusu mke kumiliki mali yake mwenyewe mpaka mwaka 1848. Ndiyo maana nasema kwamba katika sanaa ya jadi ya Marekani, sanaa ya mikono isiyopita vyuoni, nyumba imeshonwa sana na watu ambao majina yao hayakuwamo kwenye hati ya nyumba. Asiye na mwana, wahenga walisema, aeleke jiwe.

Katika miaka ya 1860 nyumba ilihamia kwenye mfarishi, lile tandiko la viraka la kujifunikia wakati wa baridi. Mtindo uliopendwa sana uliitwa Nyumba ya Magogo. Mshonaji huanza na kiraka kidogo cha katikati, kisha hukizungushia vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, kama mjenzi apangaye magogo. Upande mmoja huweka rangi nyeupenyeupe, upande wa pili rangi za giza, nyumba ikawa na jua na kivuli. Kiraka cha katikati huwa chekundu mara nyingi, na wenye kazi yao husema hicho ndicho meko.

Ipo hadithi kwamba mfarishi wa mtindo huu ulianikwa nje ili kuwaonyesha watumwa waliotoroka nyumba salama. Ni hadithi tamu, ila wanahistoria wa mifarishi hawajaipatia ushahidi. Isitoshe, mifarishi ya mtindo huu inayojulikana tarehe yake huanzia miaka hiyo ya 1860, utumwa ukiwa ukingoni.

Historia ya kweli ya watu weusi na nyumba ya kitambaa ipo Gee's Bend, kijiji kilichozungukwa na kona ya Mto Alabama. Baada ya utumwa, wazee wa kijiji hicho walibaki kulima pamba kwenye ardhi ya mtu mwingine. Waliishi katika vibanda vya magogo vilivyozibwa kwa udongo, wakabandika magazeti ukutani kuzuia upepo. Ni katika miaka ya 1930 na 1940 ndipo serikali ya shirikisho ilipoinunua ardhi hiyo, ikajenga nyumba mpya na kuziuzia familia.

Wanawake wa kijiji hicho wana mtindo wanaouita Paa la Nyumba: mraba ndani ya mraba, kana kwamba unaitazama nyumba kutoka angani. Hawakununua vitambaa vya kuuremba. Walichana suruali na ovaroli zilizochakaa shambani. Katika mifarishi ya nguo za kazi utaona kipande cha buluu iliyopauka, na katikati yake mraba wa buluu iliyokoza: hapo palikuwa na mfuko, jua halikupafikia. Mraba huo haukupimwa kwa rula, nao umekaa kama dirisha.

Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika makumbusho ya Whitney, New York, na mwaka 2006 ikachapwa kwenye stempu za posta za Marekani. Wakosoaji waliisifu kwa kuilinganisha na michoro ya wasanii wakubwa wa karne ya 20. Sifa hiyo ni ya haki, lakini inaruka jambo la msingi: mifarishi hiyo ilishonwa kwanza ili watoto wasilale na baridi.

Basi ukikutana na nyumba kwenye kitambaa cha Kimarekani, kabla ya kusifu rangi, uliza swali la karani wa ardhi: nyumba hii ni ya nani? Kisha tafuta jina. Wale mabinti wa karne ya 18 walikuwa na desturi ya kudarizi majina yao na umri wao kwenye kitambaa kilekile chenye nyumba. Afisi ya ardhi haikuwa na hati ya namna hiyo.