Kuvu Yenye Kheri: Tuliyojifunza Ifakara

Neno kuvu halipendezi masikioni mwa mkulima wa karafuu. Wazee wetu waliona mikarafuu mizima ikinyauka kwa siku chache na kufa imesimama, na katika miaka ya 1950 wataalamu waliochimbua mizizi yake walisema mwenye kosa ni kuvu iitwayo Valsa. Ndiyo maana baadhi ya wanachama walitutazama kwa wasiwasi tuliporudi Ifakara na kusema kwamba kitalu chetu yawezekana kimekosa kuvu.

Msimu uliopita miche yetu ilidumaa. Maji ilipata, kivuli cha makuti ilipata, lakini ilisimama kimo cha shibiri na majani yalipauka. Kosa ni letu wenyewe. Mifuko tuliijaza udongo mwekundu wa chini, uliotoka katika shimo la msingi wa nyumba, kwa kuwa ulikuwa karibu na haukutugharimu kitu.

Bonde la Kilombero tulikwenda kwa jambo jingine, kutazama kokoa inavyopandwa chini ya kivuli cha miti mikubwa pamoja na migomba. Kutoka Mikumi njia hushuka mpaka Kidatu penye mashamba ya miwa, ikapita Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, hata Ifakara. Kila mtu ausifu mchele wa Ifakara, nasi tuliula na twausifu. Lakini lililotufundisha si mpunga, ni misitu ya miyombo iliyo juu ya bonde, ambayo mvua za kwanza zikinyesha hutoa uyoga chini yake. (Hatusemi uyoga wa kichuguu, ule hulimwa na mchwa.) Uyoga huu ni tunda tu. Mwili wake ni nyuzi nyembamba zilizomo ardhini, nazo zimeivika mizizi ya myombo kama soksi. Ukate miyombo yote, na uyoga huo hutauona tena.

Ushirika huu wa mzizi na kuvu ulipewa jina la kitaalamu na Mjerumani Albert Bernhard Frank mwaka 1885. Katika Tanzania, Peter Högberg wa Sweden aliichunguza mizizi ya miti ya misituni, akachapisha aliyoyaona mwaka 1982: miyombo ina kuvu ya kuvika mzizi kwa nje, na miti mingine mingi ina kuvu ya namna ya pili, iingiayo ndani ya mzizi wenyewe. Hii ya pili haitoi uyoga wala haionekani kwa macho. Nayo ndiyo ya mkarafuu. Ndiyo ya kokoa, mwembe, mnazi, mhindi na muhogo pia.

Kazi yake ni hii. Fosforasi haitembei udongoni, khasa katika udongo mwekundu wenye chuma, ambao huishika isitoke. Mzizi hula iliyo karibu nao, kisha hukaa na njaa hali chakula kipo pembeni kidogo. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko hata vinyweleo vya mzizi, huenda mbali zaidi zikaileta. Ujira wake ni sukari itengenezwayo na majani. Hakuna sadaka hapo, ni biashara. Na mti ukimwagiwa fosfati nyingi ya mfukoni hupunguza kumlipa mchukuzi wake.

Kuvu hii haiishi bila mzizi ulio hai, tena hutaka hewa. Katika majaruba ya Kilombero, maji yakituama, hupungua sana. Katika shimo refu kama lile letu huwa haba, maana mizizi haifiki. Na katika shamba la mikarafuu lililokwatuliwa jeupe, au lililochomwa moto, hudhoofika pia. Twajua baadhi yetu huona fahari shamba likiwa jeupe kama ua wa nyumba. Sisi twaona heri majani yafyekwe yaachwe papo hapo, na nafasi zijazwe migomba au kunde.

Msimu huu mifuko ya kitalu itajazwa udongo wa juu, na kila karai tano zitatiwa karai moja ya udongo wa kina cha kiganja, wenye vimizizi vyake, kutoka chini ya mikarafuu mikubwa. Nusu ya mifuko hatutaitia, ili tulinganishe. Lakini udongo wa chini ya mkarafuu unaokauka matawi, au wa mahali palipokufa mkarafuu wowote, hatutaupokea hata ukiletwa bure, kwa sababu ile ile ya Valsa. Mwanachama mwenye mikarafuu mizima ya zamani atakayeturuhusu kuchukua karai mbili tatu amwarifu katibu kabla ya mvua za vuli, nasi tutakuja kuitazama miti kwanza.