Kijiti hakijui baridi

Nilikwenda Nanyuki kutazama treni ya mafuta ikishusha mzigo, nikaishia kukodolea macho daftari lenye jalada lililolowa dizeli. Mstari mmoja ulikuwa wa wino mwekundu: imepungua 200. Sili zote zilifika nzima, na hakuna kilichovuja njiani. Sasa lita 200 zilikwenda wapi?

Mwenye daftari ni mzee aliyezeekea katika kupima mafuta, kwanza ya malori, kisha ya mabehewa. Kabla hajapanda juu ya behewa alininyooshea mkono.

"Simu, kijana wangu."

Nikampa, akaifungia ofisini. Sweta yangu ya nailoni nayo hakuipenda, kwa kuwa nguo za aina hiyo huzua cheche. Nikaivua, baridi ya Mlima Kenya ikanipata sawasawa.

Alifungua kifuniko, harufu ikanifikia mpaka nilipokuwa chini. Ncha ya kijiti cha kupimia aliipaka ile dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, akakiteremsha wima mpaka kikagonga sakafu ya tangi. Akakichomoa na kukisoma haraka, maana alama ya petroli hukauka ukiiangalia. Hakuridhika, akapima tena. Halafu akateremsha kipimajoto kwa kamba, akakiacha humo, akatulia. Nilidhani amemaliza, kumbe ndiyo kwanza anaanza.

"Wengi husoma kijiti tu," alisema. "Kijiti hakijui baridi."

Petroli, kwa maelezo yake, ina tabia kama za mtu: ikipata jua hujinyoosha, ikipigwa na baridi hujikunyata. Joto likishuka nyuzi moja, hupungua takriban lita moja katika kila elfu. Behewa la lita 40,000 likipakiwa Nairobi wakati wa jua kali, kisha mafuta yakapoa nyuzi 5, zinatoweka lita 200. Hizo ni jerikeni kumi. Uzito ni uleule, mwizi hayupo. Ndiyo maana pia tangi halijazwi pomoni: huachiwa nafasi ya kufura jua likirudi.

Habari za reli yenyewe mnazijua: ilijengwa enzi za mkoloni, ikalala zaidi ya miaka kumi huku majani yakiifunika, ikafufuliwa 2020 kwa mikono ya vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) na wanajeshi. Mafuta huja kwa bomba kutoka Mombasa hadi Nairobi, ndipo mabehewa huyapokea na kuyaleta Nanyuki kupitia Thika, Sagana na Karatina.

Mimi yalinishika yale ya jerikeni kumi. Zamani, mafuta yakija kwa lori, mzee aliona mlinzi wa kampuni moja akifukuzwa kwa upungufu kama huo. Kijana aliapa, akalia, mifuko yake ikapekuliwa, kana kwamba lita 200 zinaingia mfukoni. Kipimajoto kilikuwapo siku hiyo, kwenye droo.

"Na wewe ulisema?"

"Nilikuwa mgeni kazini."

Nikamuuliza hasara ya baridi huandikwa jina la nani: aliyepakia, mwenye treni au aliyepokea? Akasema inategemea mkataba, na mikataba haletewi yeye. Na yule mlinzi, alirudishwa?

"Kwao ni Kiganjo," alisema, akifuta kijiti kwa kitambaa. "Treni hii hupita pale."