Baba, mtoto na baiskeli: Safari fupi ya vumbi inavyojenga afya ya familia

Shinyanga ni mji wa baiskeli. Kuanzia mitaa ya Kambarage, kando ya uwanja wa mpira, hadi Kizumbi, Ibadakuli na njia ya Kolandoto, baiskeli hubeba maji, mkaa, magunia ya mpunga, abiria na wagonjwa. Ardhi ni tambarare, mvua si nyingi, na mwenye baiskeli hahitaji kununua mafuta. Kinachosahaulika ni kwamba chombo hicho hicho cha bei nafuu kinaweza kumsaidia mzazi kwa jambo ambalo fedha hazilinunui: kumjua mtoto wake, na mtoto kumjua yeye.

Jambo hilo lina uzito wa pekee katika ukanda huu wa dhahabu. Kuanzia Kahama hadi Geita, wanaume wengi huondoka nyumbani kwenda machimboni na kukaa huko wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Baba anaporudi ana fedha, nguo mpya na soda, lakini mtoto wa miaka mitatu anajificha nyuma ya kanga ya mama. Mkubwa wa miaka kumi na mitatu anamsalimia kwa heshima, "Shikamoo baba," kisha anatoka nje. Hakuna ugomvi. Ila hakuna mazungumzo pia. Baba akiona hivyo huongeza zawadi, na umbali unabaki palepale.

Makala hii inazungumzia njia moja rahisi ya kuupunguza umbali huo: safari fupi za mzazi na mtoto kwenye njia za vumbi, kwa baiskeli, mkokoteni wa ng'ombe au punda, au pikipiki pale inapofaa. Inaeleza pia namna ya kuzifanya bila kumuumiza mtoto.

Ukaribu ni suala la afya

Wazazi wengi wakisikia neno afya hufikiria chanjo, lishe na dawa ya malaria. Hayo ni ya lazima. Lakini mwongozo wa malezi uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na washirika wake, ikiwemo UNICEF na Benki ya Dunia, unataja nguzo tano za makuzi ya mtoto: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema. Tanzania ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowalenga watoto wa umri wa miaka 0 hadi 8, na nguzo zake ni hizo hizo.

Malezi yenye mwitikio maana yake ni nyepesi. Mtoto anatoa ishara, mzazi anaiona na kuijibu. Mtoto ananyoosha kidole, mzazi anataja jina la kitu. Mtoto anaogopa, mzazi anamshika. Kadiri jambo hili linavyorudiwa, ndivyo ubongo wa mtoto unavyojenga lugha, utulivu na imani kwamba kuna mtu wa kumtegemea.

Sehemu ya elimu hii ilianzia jirani zetu. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliishi Uganda miaka ya 1950 akifuatilia familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, na mwaka 1967 akachapisha kitabu kuhusu aliyoyaona. Aligundua kwamba watoto waliokuwa na utulivu zaidi walikuwa wale ambao mama zao waliwatazama kwa makini na kuzielewa ishara zao. Alibaini pia kwamba baadhi ya watoto walikuwa na mapenzi ya pekee kwa baba zao, ingawa hawakuwaona mara kwa mara.

Hilo la mwisho ni habari njema kwa mzazi wa machimboni. Kurudi nyumbani kwa siku chache si kazi bure, ikiwa siku hizo zinatumika vizuri. Mtafiti wa Canada, Daniel Paquette, aliandika mwaka 2004 kwamba mchango wa baba mara nyingi huonekana katika kumfungulia mtoto mlango wa dunia: kumtia moyo ajaribu jambo jipya, huku akimwekea mipaka ili asiumie. Safari ya njia ya vumbi ina vyote viwili, jambo jipya na mipaka.

Kwa nini njia ya vumbi

Kwenye barabara ya lami mwendesha baiskeli anawaza malori. Kwenye njia ya kijijini mwendo ni mdogo, kelele ni chache na kuna vitu vingi vya kuulizana. Mtoto aliye nyuma ya baba yake atauliza ndege huyu anaitwaje, ng'ombe wale ni wa nani, kwa nini hapa udongo ni mweusi. Baba anaweza kumfundisha majina ambayo Wasukuma wamezitofautishia ardhi zao tangu zamani: luseni, ule wa mchanga, itogolo, ule mgumu kama sakafu, na mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa matairi masika. Mtoto anayejua majina hayo anajua pia wapi baiskeli itapita na wapi itasukumwa.

Wapi pa kwenda? Hapahitaji kiingilio. Mkoa huu unajulikana kwa ngitili, maeneo ya malisho na miti yanayohifadhiwa na familia na vijiji. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliufufua utaratibu huo pale ardhi ilipokuwa imebaki tupu. Ngitili ya ukoo, lambo la kijiji, shamba la bibi au mnada wa ng'ombe ni safari tosha. Njiani mtoto atajifunza kuwaamkia wazee, "Mwangaluka" asubuhi na "Mwadila" jioni, na kusikia baba akieleza yeye ni mtoto wa nani.

Mtoto apewe kazi. Wa miaka mitano abebe pampu. Wa miaka minane akague upepo wa matairi kabla ya kuondoka. Wa miaka kumi na miwili azibe pancha mwenyewe, baba akiwa amechuchumaa kando bila kumnyang'anya. Mtoto anayepewa kazi ya kweli anajiona ni mtu wa maana.

Kwa kijana wa balehe, safari ina faida nyingine. Vijana wengi hufunga midomo wanapokalishwa mbele ya mzazi na kuulizwa maswali. Wakiwa kando kwa kando, wote wakitazama njia, maneno hutoka kwa urahisi zaidi. Habari za shule, marafiki, hofu ya kufeli, hata mabadiliko ya mwili, zinaweza kuanza hapo. Kazi ya mzazi ni kusikiliza bila kuruka haraka kwenye kukemea.

Wala hili si la baba peke yake. Mama, babu au shangazi anayemlea mtoto ana nafasi ile ile, na mtoto wa kike anayo haki ya safari hizo sawa na kaka yake.

Umri gani, chombo gani

Chini ya mwaka mmoja: asipandishwe baiskeli wala pikipiki kwa matembezi. Shingo yake haijawa imara kuhimili mitikisiko. Atembezwe kwa miguu, mgongoni au kifuani.

Mwaka 1 hadi 5: apande baiskeli ikiwa tu ana kiti chenye mkanda na mahali pa kuweka miguu, mwendo uwe wa polepole na safari iwe fupi. WHO inashauri mtoto wa umri huu asifungwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa 1 mfululizo. Simameni, ashuke, akimbie. Mkokoteni unaokwenda taratibu, mtu mzima akiwa amekaa naye katikati, unafaa pia.

Miaka 6 hadi 9: anaweza kukaa kwenye keria ikiwa miguu yake ina pa kukanyaga na magurudumu yamekingwa. Ni umri mzuri wa kujifunza kuendesha baiskeli ya kimo chake kwenye uwanja mtupu.

Miaka 10 na zaidi: aendeshe ya kwake, mzazi akifuata nyuma. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na hapa zinapatikana bila gharama.

Pikipiki ni jambo jingine. Mtoto ambaye miguu yake haifiki vikanyagio, au hawezi kushika kwa nguvu mwenyewe, asipandishwe. Asikalishwe juu ya tangi la mafuta. Chombo kikisimama ghafla atatupwa mbele. Na mishikaki, hata ya familia moja, ni hatari ile ile. WHO inasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kuwa kofia ngumu humpunguzia mpanda pikipiki hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia ya baba inayochezacheza kichwani mwa mtoto haimkingi. Iwe ya saizi yake, na mkanda ufungwe.

Majeraha mawili yanayozuilika

La kwanza ni mguu kuingia kwenye spoki. Mtoto aliyekaa keria hulegeza miguu, kisigino kinanaswa na gurudumu. Fundi anaweza kufunga kinga pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Hata kipande cha dumu la plastiki kilichokatwa na kufungwa imara kwa waya kinasaidia. Mtoto avae viatu vilivyofungwa. Kanga, mtandio na kamba zisining'inie.

Likitokea, simama mara moja. Usiuvute mguu kwa nguvu wala kuzungusha gurudumu. Kata spoki au fungua gurudumu. Osha jeraha kwa maji safi, lifunike kwa kitambaa safi, mtoto asikanyagie mguu huo, nenda kituo cha afya. Jeraha hili hudanganya: siku ya kwanza linaonekana dogo, baada ya siku chache ngozi inaweza kuvimba na kufa. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

La pili ni kuungua kwa bomba la moshi la pikipiki. Mtoto ashukie upande usio na bomba. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

Akianguka na kugonga kichwa, mpeleke hospitali haraka ukiona anatapika mara kwa mara, analala kupita kawaida, anapoteza fahamu hata kidogo, anapata degedege, au damu au majimaji yanatoka puani au masikioni.

Usiende naye machimboni

Mtoto anatamani kuona baba anapofanya kazi. Mweleze kwa maneno, usimpeleke. Maduara yaliyoachwa wazi humeza watu. Vumbi la karasha lina chembe za mawe zinazoharibu mapafu na kurahisisha kifua kikuu. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu hutoa mvuke usioonekana pale inapochomwa, na huathiri ubongo wa mtoto unaokua. Mabwawa ya kuchenjulia kwa sayanaidi si mahali pa kunawa mikono.

Hatari hiyo pia hupanda baiskeli na baba. Anayetoka kazini aoge na abadili nguo kabla ya kumkumbatia mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Zebaki isihifadhiwe wala kuchomwa nyumbani.

Watoto wenye maradhi

Maradhi hayamfungii mtoto ndani, ila mipango ibadilike. Mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea Kanda ya Ziwa, anywe maji mara kwa mara, asichoke kupita kiasi, asipigwe na baridi ya alfajiri wala jua la saa saba. Mwenye pumu asiende siku ya upepo wa vumbi, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwa mzazi. Mwenye kifafa asiendeshe peke yake wala asikaribie lambo bila kushikwa. Mwenye mtindio wa ubongo, ambaye mara nyingi huachwa mlangoni wenzake wakiondoka, anaweza kutembezwa kwa mkokoteni akiwa na kiti chenye mkanda wa kifua. Mtaalamu wa tiba ya viungo ataonyesha jinsi ya kumkalisha. Na mtoto mwenye homa haendi matembezini, anakwenda kupimwa malaria.

Pa kuanzia

Mzazi uliyerudi nyumbani wiki hii, usianze na safari ndefu. Jaribu breki, jaza upepo, chukua maji na kitambaa safi. Ondokeni asubuhi jua likiwa dogo, mrudi kabla ya saa nne. Simu ibaki mfukoni. Mtoto mdogo akilia na kumtaka mama, msilazimishane. Zungukeni nyumba mara moja, kesho mfike barabarani. Ukiwa na watoto wanne, kila mmoja awe na zamu yake, ili kila mmoja apate muda wa kusikilizwa peke yake. Na kabla ya kurudi kazini mwambie siku utakayorejea, kisha upige simu ukichelewa. Mtoto huhesabu siku.