Mizinga ya Heshima na Bunduki za Kibali: Kutoka Kasri la Unguja hadi Garbatulla



Mwanamke wa Garbatulla, huko mashariki mwa mji wa Isiolo, akifiwa na mumewe na kukazuka mzozo wa mirathi, anao mlango wa kubisha: mahakama ya Kadhi. Mji ule uko mbali na bahari, na wenyeji wake wengi ni Waborana, wafugaji wa ngamia na ng'ombe, si watu wa majahazi na minazi. Hata hivyo, ulinzi wa mahakama ile katika Katiba ya Kenya asili yake ni ahadi zilizoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani. Juma hili tumeonelea tuisimulie safari ya ahadi hizo. Ndani yake mna habari za mizinga, bendera na bunduki, na mna funzo kwa kila aulizwaye kuweka saini yake juu ya karatasi.

Himaya na masharti yake

Tarehe 14 Juni 1890, Seyyid Ali bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliridhia dola yake iingie chini ya himaya ya Uingereza. Kiti chake kilibaki, na kasri, na bendera nyekundu. Lakini kuanzia hapo mazungumzo yake na mataifa mengine yalilazimika kupitia kwa Waingereza, na mrithi wa kiti hakuweza kukalia kiti ila kwa idhini yao.

Majuma machache baadaye, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalikamilisha mkataba mkubwa mjini Brussels, Ubelgiji. Zanzibar ilihesabiwa miongoni mwa mataifa 17 yaliyokuwamo, sambamba na Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, dola ya Uthmaniya na Uajemi. Kwa adabu za kidiplomasia, hiyo ilikuwa heshima kubwa kwa dola ndogo. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na hakuna Mwislamu mwenye insafu atakayeisikitikia biashara ile. Lakini mkataba huo ulifunga mlango mwingine pia. Katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta na nyuzi 22 kusini yake, ilikatazwa kuingiza bunduki za kisasa, baruti na risasi, ila kwa idhini ya serikali zilizotawala. Gobori la zamani lingeweza kuruhusiwa, likatolewa katika ghala la serikali. Bunduki mpya ilibaki kwa askari wa serikali na kwa aliyeaminiwa nayo.

Basi mtawala mdogo aliyekuwa chini ya himaya aliwekwa katika hali ya ajabu. Alipigiwa mizinga ya salamu kwa desturi ya wafalme, lakini hakuwa na amri kamili juu ya bunduki zilizoingia katika bandari zake mwenyewe.

Mwaka 1896

Maana ya hali hiyo ilionekana wazi mwaka 1896. Tarehe 25 Agosti alifariki Seyyid Hamad bin Thuwaini. Seyyid Khalid bin Barghash aliingia kasrini bila ya kungoja idhini ya balozi wa Uingereza, na baada ya maziko mizinga ya kasri ikalia kumtangaza kuwa Sultani. Kwa wakazi wa mji, mizinga ile ilikuwa tangazo la mfalme. Kwa Waingereza, ilikuwa uvunjaji wa mkataba.

Silaha za kasri zilikuwa za namna nyingi. Ilikuwamo mizinga miwili iliyoletwa kuwa zawadi na mfalme wa Ujerumani, na mzinga wa shaba wa karne ya 17. Bandarini ilitia nanga Glasgow, merikebu ya Sultani. Vitu hivyo vilifaa kwa gwaride na kwa kupokea wageni. Tarehe 27 Agosti, saa tatu ya asubuhi, muhula uliotolewa ulikwisha, na manowari za Uingereza zikafyatua. Haikutimia hata saa moja bendera ilikuwa imeanguka, Glasgow imezama, na watu wapatao 500 wa upande wa kasri wameuawa au kujeruhiwa. Seyyid Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, na siku ile ile akatawazwa Seyyid Hamoud bin Mohammed.

Mwezi Machi mwaka huo huo, Menelik wa Habasha alikuwa amelishinda jeshi la Italia huko Adwa. Yeye alihesabiwa mtawala huru, naye alikuwa amejipatia maelfu ya bunduki za kisasa, nyingine kutoka Italia yenyewe. Ushujaa haukukosekana Unguja, lakini mikataba miwili ya 1890 ilikuwa imekwisha kuamua nani atashika bunduki ya namna gani.

Ardhi isiyokuwa na mkataba

Kati ya Habasha na pwani ilikuwako nchi kavu ya kaskazini, nayo Waingereza waliiita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Pwani ilikuwa na karatasi. Mkataba wa Desemba 1895 uliwapa Waingereza utawala wa ukanda wa maili 10 kwa malipo ya kila mwaka, na bendera ya Sultani ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa. Kaskazini hakukuwa na sultani wa kupigiwa mizinga wala wa kulipwa kodi. Yalifika makatazo peke yake. Sheria ya 1902 iliruhusu wilaya za mbali zifungwe, mtu asiingie bila ya kibali, na sheria ya 1934 ikazidisha mamlaka ya maofisa juu ya makabila na nyendo zao. Ni katika miaka hiyo ya 1930 ambapo Waborana wengi walihamishiwa upande wa mto Uaso Nyiro, ambako Garbatulla iko.

Ulipokaribia uhuru, tofauti hiyo ilizaa matunda yake. Kwa pwani, ahadi ziliandikwa. Mwezi Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua, na tarehe 8 mkataba ukatiwa saini London. Sultani aliachia ukanda wake. Serikali ya Kenya iliahidi uhuru wa ibada, kubaki kwa mahakama za Kadhi katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi, kusomeshwa Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na kuheshimiwa kwa hati za ardhi.

Kaskazini, Desemba mwaka huo huo ilitangazwa hali ya hatari, na vita vya shifta vikaendelea hadi 1967. Katika msako wa bunduki, raia walikusanywa kambini, na Garbatulla ilikuwa mojawapo ya kambi hizo. Waborana wa Waso huziita siku zile *gaafa daaba*, yaani wakati wa kusimamishwa. Mifugo iliangamia kwa wingi, na familia zilizoishi kwa maziwa zikaishi kwa msaada. Hali ya hatari yenyewe haikuondolewa hadi 1991.

Kilichobaki

Mwaka 1967, Bunge lilipitisha Sheria ya Mahakama za Kadhi, na mamlaka yake yakavuka ukanda wa pwani. Makadhi walikuwako kaskazini hata kabla ya hapo. Lakini ulinzi wa Katiba, ambao leo uko katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, umesimama juu ya ahadi zile za Oktoba 1963. Hivyo mjane wa Garbatulla, ambaye wazee wake hawakuulizwa neno London, anafaidika na karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya ndugu zake wa Lamu, Malindi na Mombasa.

Tukitazama nyuma, mizinga ya salamu imenyamaza na bunduki za kasri hazikuokoa kitu. Kilichodumu ni maneno yaliyoandikwa, yakatiwa saini, na yakahifadhiwa na watu walioyajua. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara tuandike madeni yetu na tuweke mashahidi, na amri hiyo inatufaa majumbani kama inavyofaa mataifa.

Kwa hivyo tunawaomba akina mama na akina baba: wekeni hati za ndoa, za ardhi na za mirathi mahali pa salama, na watoto wazijue. Asiweke mtu saini juu ya asichokifahamu, hata akikirimiwa kwa heshima kiasi gani. Na walio na wazee walioiona *daaba*, kule Garbatulla au popote walipohamia, wakae nao waandike wanayoyasema. Ndugu zetu wale hawakupewa mkataba. Tusiache wakose na kumbukumbu.

Wabillahi tawfiq.