Fayawoli ya Mtumba: Ikaguliwe na Ifufuliwe Kabla ya Kuaminiwa

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ianze kazi Oktoba 1, 2024, vituo vya afya vimekuwa vikituma madai ya malipo kwa mtandao. Shule nazo huingiza taarifa za wanafunzi mtandaoni, na vyama vya akiba na mikopo huweka hesabu za wanachama kwenye kompyuta. Hata hivyo, kuanzia Isebania hadi Mbita, si ajabu kukuta kompyuta yenye majina na magonjwa ya watu ikitumia waifai ile ile wanayopewa wageni walioketi kwenye benchi wakisubiri zamu.

Kifaa cha kutenganisha matumizi hayo huitwa fayawoli. Ni kisanduku kinachokaa kati ya laini ya intaneti na kompyuta za ofisi, mithili ya bawabu langoni: kila data inayoingia au kutoka hukaguliwa inatoka wapi na inakwenda wapi, na isiyo na ruhusa huzuiwa. Fayawoli mpya za ofisi ni ghali, na nyingi hudai leseni ya kulipiwa kila mwaka. Ndiyo maana taasisi ndogo huvutiwa na zilizotumika. Kifaa kama hicho chaweza kufanya kazi miaka mingi. Chaweza pia kuwa mzigo ambao mwenyewe aliutupa kwa sababu nzuri.

Kabla ya kulipa

Swali la kwanza kwa muuzaji ni prosesa gani imo ndani. Fayawoli zenye prosesa za kawaida za Intel au AMD za biti 64 kwa kawaida hukubali kuwekewa programu nyingine. Zile zilizojengwa kwa chipu maalumu za kiwanda mara nyingi hazikubali, na leseni ikiisha mnunuzi hubaki na ulinzi usiosasishwa.

Kuna familia moja ya Intel inayohitaji tahadhari ya pekee: Atom C2000, yenye namba kama C2358, C2558 na C2758. Mapema 2017 ilibainika kuwa sehemu inayotoa mapigo ya saa ya prosesa hiyo huchakaa. Februari mwaka huo Cisco, bila kumtaja mtengenezaji, iliwaonya wateja wake kwamba vifaa vyenye hitilafu ya aina hiyo vingeweza kuanza kufa baada ya takriban miezi 18 ya matumizi. Ubaya wake ni kwamba kifaa huweza kuonekana kizima mradi hakijazimwa. Kikizimwa, huenda kisiwake tena. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, siku hiyo haiko mbali. Intel ilitoa toleo lililorekebishwa, lakini mnunuzi hawezi kulitambua kwa kutazama kisanduku kwa nje.

Kifaa kisipowaka

Kisanduku kisichotoa taa hata moja si lazima kiwe kimekufa. Adapta ndiyo hushukiwa kwanza. Fundi hulinganisha volti, ampea na upande wa chanya na hasi kulingana na maandishi ya kifaa chenyewe, si ya adapta aliyoikuta mezani. Adapta iliyochoka huonyesha volti 12 kamili kwenye mita ikiwa haijabebeshwa mzigo, kisha huanguka mara tu kifaa kinapoanza kuvuta umeme. Kujaribu nyingine inayofaa huokoa muda na lawama.

Fayawoli zinazochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa volti 240 zina pawasaplai ndani yake, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Hizo zifunguliwe na fundi wa vifaa vya elektroniki pekee. Kapasita iliyovimba kichwani au kuvuja hubadilishwa. Kazi hiyo haihitaji kwenda Nairobi.

Taa zikiwaka lakini kifaa kisionekane kwenye mtandao, jibu hupatikana kwenye poti ya konsoli, tundu ambalo wengi hulipuuza. Kwa kebo yake na kompyuta ya kawaida, fundi husoma moja kwa moja kile kifaa kinachojisemea wakati wa kuamka: kumbukumbu imeonekana au la, diski inasomeka au imeharibika. Herufi zikitokea kama takataka, kasi ya mawasiliano haijalingana. Nyingi hutumia 9600 au 115200. Wapo waliotupa kifaa kizima kwa sababu ya herufi hizo.

Diski ndogo za flashi zilizotumika miaka mingi kuandika kumbukumbu za matukio huchakaa, na kubadilisha moja kwa SSD ndogo ni jambo la dakika chache. Kuna pia betri ya saa, ile ya duara aina ya CR2032 yenye volti 3. Ikiisha, kifaa huamka kikidhani ni miaka mingi iliyopita. Vyeti vya usalama vya mtandao vina tarehe ya kuanza na ya mwisho, kwa hiyo masasisho hugoma na miunganisho ya siri hukataa, huku mwenye ofisi akiilaumu kampuni ya intaneti. Betri hiyo ni ya bei ndogo na hupatikana hata kwa mafundi wa saa.

Kisha kuna radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye ngurumo nyingi, na kebo ya shaba iliyopitishwa hewani kutoka jengo moja hadi jingine huleta mshtuko hadi ndani ya kifaa. Mara nyingi poti moja au mbili hufa na nyingine hubaki nzima. Kila poti ijaribiwe peke yake, na iliyokufa ifungwe kwa gundi ya karatasi ili isije ikatumiwa kimakosa. Kati ya majengo, kebo ya faiba ni salama zaidi kwa kuwa kioo hakipitishi umeme.

Kufuta na kujenga upya

Kifaa kikishaamka, kisiunganishwe bado. Kilichomo ndani ni mali ya mtu mwingine. Mwaka 2023 kampuni ya usalama ya ESET ilitoa matokeo ya uchunguzi wa ruta 18 zilizotumika ilizokuwa imenunua. Katika zaidi ya nusu ya zilizochunguzika, mipangilio na siri za wenyewe wa zamani zilikuwa bado zimo. Diski ifutwe yote, si kubadilisha nywila tu. Ofisi zinazouza vifaa vyao vya zamani nazo zinapaswa kufanya hivyo kabla ya kuviachilia.

Programu mbili za bure zinazotumiwa sana ni pfSense na OPNsense, ambayo ilichipuka kutoka kwa ile ya kwanza na kutolewa 2015. Hupakuliwa kutoka tovuti za watengenezaji, hulinganishwa na alama ya uthibitisho iliyochapishwa hapo, kisha huwekwa kwa flashi.

Hapa ndipo wengi hukwama. Zote mbili huanza na anwani 192.168.1.1, na ruta nyingi za kampuni za intaneti hutumia hiyo hiyo. Pande mbili zenye anwani zinazofanana hazielewani, na intaneti haipiti ingawa kila taa ni ya kijani. Upande wa ndani ukibadilishwa, kwa mfano kuwa 192.168.10.1, tatizo huisha. Baada ya hapo nywila ya kiwandani ibadilishwe, ukurasa wa usimamizi usifunguke kutoka nje, na wageni wapewe mtandao wao usioifikia kompyuta ya rekodi.

Fayawoli haizuii kila kitu. Mashambulizi yaliyovuruga eCitizen Julai 2023 yalikuwa ya kuifurika mifumo kwa maombi mengi kupita kiasi, na kisanduku cha zahanati hakingeyazuia. Wala hakimzuii mfanyakazi anayemtajia tapeli nywila yake kwa simu.

Taarifa za watu zikivuja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka taasisi kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ijue, pale wenye taarifa hizo wanapokuwa katika hatari ya kudhurika. Mashambulizi yenyewe huripotiwa kwa KE-CIRT/CC, kituo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Kifaa kilichoshindikana kisichomwe pamoja na takataka za kawaida wala kutupwa shimoni, kwa sababu risasi iliyomo huingia kwenye udongo na maji. Kipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za elektroniki wenye leseni ya NEMA. Kabla ya hapo diski yake itolewe na ivunjwe, na adapta ikiwa nzima iwekwe kando. Itahitajika kujaribia kifaa kingine.