Tabo imebebeshwa lawama ya maji

Muulize dereva wa Lodwar ni gari gani asilolitaka hata kwa bure, atakujibu kabla hujamaliza swali: lolote lenye tabo. Hilux Surf na Prado za miaka ya tisini, zile za injini ya 1KZ-TE, zimeharibiwa jina kuanzia stendi ya Lodwar hadi Kakuma. Tabo haiwezi joto la Turkana, watakwambia, na ushahidi wao ni mashirika ya misaada. Mbona wao hawaigusi?

Ushahidi wenyewe ni wa kweli nusu. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na gari lililozoeleka kwenye mageti ya mashirika tangu enzi hizo ni Land Cruiser ya 1HZ: silinda sita, sisi 4,164, bila tabo. Haina makuu. Huvumilia dizeli mbovu, na fundi huimaliza kwa spana bila kuulizia kompyuta. Nguvu zake ni kama farasi 130, kidogo kwa injini yenye ukubwa huo. Sasa itazame 1KZ-TE. Silinda nne, sisi 2,982, na ile yenye intakula hufikia farasi 145. Injini ndogo inafanya kazi ya kubwa, na kazi ni joto. Katika kila lita ya dizeli, takriban theluthi moja tu ndiyo husukuma gari; theluthi nyingine hutokea ekzosi, na iliyobaki huachiwa maji ya rejeta. Bloku yake ni ya chuma, hedi ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Maji yakishindwa kazi, hedi hujikunja au hupasuka kati ya valvu. Hapo fundi hushusha hedi, na mwenye gari huilaani tabo.

Mtu wa Turkana hahitaji kufundishwa thamani ya maji, ila rejeta huwa anaisahau. Mwaka 2013 serikali na UNESCO zilipotangaza hazina kubwa ya maji chini ya uwanda wa Lotikipi, kaskazini mwa Kakuma, watu walishangilia. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kuwa yana chumvi kupita kiasi. Visima vingi vya kaunti hii vina chumvi na floraidi, na maji hayo ndiyo yanayomiminwa kwenye rejeta kwa kopo, kila asubuhi, kwa imani kwamba maji ni maji. Yakichemka, chumvi hubaki. Hujenga ukoko ndani ya mirija myembamba ya rejeta na kwenye kuta za hedi, nao huzuia joto lisitoke, huku aluminiamu ikiliwa polepole. Ukitaja kulanti unachekwa: hapa kuna barafu gani? Lakini kuzuia kuganda ni kazi yake ndogo kuliko zote huku kwetu. Huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji ya betri, yale matupu yasiyo na asidi, na ile nyekundu ya zamani ya Toyota ibadilishwe kila miaka miwili.

Kisha kuna kifuniko cha rejeta, kile kilichoandikwa namba ndogo kama 0.9. Kazi yake ni kuyabana maji ili yachemke kwa kuchelewa. Raba yake ikichakaa, kanieleze maajabu ya mlima wa Kamatira. Lodwar iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Ukielekea Kitale, ukishapita Marich barabara hupanda Kamatira hadi zaidi ya mita 2,000 kule Makutano. Maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 98 hivi Lodwar, na 93 hivi Makutano. Kwa hiyo gari lililovuka jua la Lokichar bila kunung'unika huchemsha mlimani, kwenye upepo wa baridi, na dereva anabaki ameshika kiuno. Geji haimsaidii. Mshale wa Toyota umetengenezwa utulie katikati hata joto linapopanda na kushuka. Ukiuona umeondoka hapo, umechelewa. Geji ya pembeni yenye kengele ni pesa kidogo ukilinganisha na hedi.

Kikaguliwe pia kikombe cha feni, kile chenye mafuta ya silikoni ndani. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, isukume feni kwa mkono. Ikizunguka kama pangaboi, silikoni imekwisha. Mafundi wengi hubadilisha rejeta nzima kabla ya kugusa kikombe hiki, na sijui kwa nini, maana ndicho rahisi zaidi.

Tabo yenyewe haina madai mengi. Huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando wa oili, basi ipe oili safi kila kilomita 5,000 na filta ya hewa isiyovuja vumbi. Na usizime ghafla. Vitabu vya Toyota vya enzi hizo vilishauri injini iachwe ingurume kidogo gari likiwa limesimama baada ya mwendo wa kasi, na dakika mbili hivi baada ya mlima mkali. Mchanga wa lagga, yaani mto wa msimu, uhesabu kama mlima. Ukishatoka kwenye lagga ya Kawalase kwa gia ya kwanza injini ikilia, iache ipumue kwanza.

Dizeli ya madebe ni hatari nyingine. Pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta taa yanayochanganywa humo hayana ulaini huo. Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa ili kuwavunja moyo wachanganyaji, lakini maji na mchanga ndani ya debe havina ushuru. Kamua maji ya filta mara kwa mara. Taa ya T-BELT nayo huwaka kila kilomita 100,000, na wapo wanaoizima bila kubadilisha mkanda. Ukikatika, valvu na pistoni hukutana.

Ukinunua Surf ya namba ya KA leo, fungua rejeta ikiwa baridi kabla hata ya kutazama rangi. Maji ya kahawia, ondoka. Ukiambiwa hedi ilipasuka ikachomelewa, uliza kama ilipimwa kwa presha kabla ya kufungwa. Iliyochomelewa tu itakufikisha Lokichar. Kamatira ni habari nyingine.